Kivuli cha Mikoko

Nikiwa darasa la nne, huko Mabawa, mwalimu wa sayansi alinikuta nawatazama kunguru dirishani. "Unapenda nje? Basi kakae nje." Akanipigisha magoti kwenye kokoto, jua la saa sita, mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Nilipoomba kurudi ndani alinijibu, "Bado hujajifunza."

Siku hizi kazi yangu ni kuwasaidia walimu wafundishe watoto nje ya darasa. Juzi, katika kundi la walimu nililolipeleka ufukweni Raskazone, nikamkuta mwalimu yule wa sayansi, anakaribia kustaafu, viatu vimepigwa rangi. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akaitikia marahaba bila kunikumbuka. Hilo liliniuma kuliko kokoto.

Maji yalikuwa yamekupwa. Wenzake niliwaweka kivulini wachore majani ya mikoko. Yeye nikampeleka kwenye tope, juani, avue viatu, akunje suruali, achunguze mashimo ya kaa. Haikuchukua muda akaniita, jasho linamchuruzika.

"Mwanangu, naomba nipumzike kivulini kidogo."

"Bado hujajifunza, mwalimu."

Akainua uso polepole, na hapo ndipo aliponikumbuka. Mimi nikarudi kivulini.