Kikombe Nilichokiweka Chini

Nimepika kambini miaka mingi, huku kwenye hifadhi ya Katavi, na wageni nimewaona wa kila aina. Kuna wanaopiga picha sufuria zangu, na kuna mmoja alilia kwa pilipili aliyojiwekea mwenyewe. Ila mwanamfalme nimemwona mmoja tu. Nilitegemea kilemba cha dhahabu. Akashuka kwenye gari mzee mwembamba, amevaa kandambili, anauliza choo kiko wapi.

Alikuwa Mwarabu wa ukoo wa kifalme wa kwao, na kabla ya kustaafu alikuwa gavana, kama mkuu wa mkoa hapa kwetu. Kiswahili alikijua, maana yaya aliyemlea alitoka pwani. Nikisema "nyie" ananisahihisha, nami namwambia, mzee, hapa ni Mpanda, tuache hivyohivyo. Anacheka.

Kila siku saa kumi alikuja jikoni kwangu na birika lake, anachemsha kahawa yenye iliki, huku ananisimulia maisha yake. Alipewa mkoa bado kijana, mkoa wa mchanga mtupu, na makarani wake wote walikuwa na umri wa baba yake. Kila asubuhi mlango wa baraza lake uliachwa wazi, mwenye shida yoyote aingie. Mmoja aliingia na ngamia wake kama shahidi, ngamia akala pazia la ofisi. Tulipompeleka kuona viboko walivyobanana kwenye tope la kiangazi, wanasukumana na kugombana, mzee akasema, "Hili ndilo baraza langu kabisa."

Sasa, mimi nilikuwa na shida yangu. Binti yangu wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi, nyumbani Usevya. Ruhusa niliomba mapema na meneja wa kambi akakubali. Mwanamfalme alipoongeza siku za kukaa, meneja akabadilika. "Mama, mgeni kama huyu siwezi kumwachia mpishi mwingine." Tena akanikataza kuwaambia wageni mambo yetu. Roho iliniuma jamani. Mama gani anakosa harusi ya mtoto wake kwa sababu ya kupika supu? Siku mbili nilibamiza sufuria mpaka mbili zikabonyea.

Alhamisi, mzee alinimiminia kahawa kwa mkono wake, akajimiminia na yeye. Mimi bibi yangu alinilea hivi: mkubwa akikupa kikombe, unakiweka chini, unasubiri yeye anywe kwanza. Nikakiweka chini. Nikamsubiri anywe, lakini hakunywa. Alinyoosha mgongo, akanitazama, naye akawa ananisubiri mimi. Tukakaa hivyo kama wajinga wawili mpaka kahawa ikapoa.

"Sema," akasema.

"Niseme nini, mzee?"

"Shida yako. Kwetu mtu akipewa kahawa akaiweka chini bila kuinywa, ana ombi. Na mwenyeji hanywi mpaka amelisikia. Miaka yote ya ugavana wangu nilifanya hivyo."

Ningeweza kumweleza kwamba amenielewa vibaya, kwamba ile ni adabu tu ya kwetu. Haki ya nani, nilitaka kumweleza. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe, nikamwaga yote, harusi, ruhusa, meneja, na machozi juu.

"Kunywa," akasema. "Utakwenda."

Akamwita meneja, akamwambia Jumamosi yeye hatakula kambini, kwa hiyo mpishi hana kazi. Meneja akakubali haraka. Alipoondoka, mzee akajimiminia kahawa nyingine, akaiweka chini, akaniangalia.

Nikaelewa. "Haya, sema na wewe."

"Nichukue twende wote. Lakini usiwaambie mimi ni nani."

Basi Jumamosi tukaenda, na pale nyumbani nikamtambulisha kuwa ni babu kutoka kambini. Msimamizi wa vyungu alikuwa dada yangu mkubwa, na dada yangu akishika mwiko hajui mkubwa wala mdogo. "Babu, usisimame hapo, lete kuni." Mzee akaenda kuleta. "Hizi mbichi, rudisha." Akarudisha. Nilitaka kuingilia kati, akanikonyeza ninyamaze. Shati lake jeupe likawa jeusi kwa masizi, macho mekundu kwa moshi, na bado anauliza kama maji ya wali yametosha.

Mimi nilikaa mbele kwenye kiti cha mama. Binti yangu alipoingia na gauni lake, akanitafuta kwa macho, na akanikuta nipo. Nililia kwa furaha mpaka shangazi wa bwana harusi akaniazima kitenge chake nijifute.

Jioni nikamkuta mzee amekaa kwenye gogo karibu na mafiga. Dada alikuwa amemkwangulia ukoko, ule anaowapa waliofanya kazi tu, na wengine hata wakiuomba hawapati. Akaniambia katika miaka yake yote hakuna mtu aliyewahi kumtuma kuni.

Kisha dada akampa kikombe cha chai. Nikasimama pale kuangalia kama atakiweka chini. Akakinywa chote, akampa dada kikombe kitupu, akamuuliza kama kuna kazi nyingine.