Samli Juu ya Prosesa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikaa Mombasa miezi minane, akarudi Garsen mtaalamu wa kompyuta. Utaalamu wenyewe ulikuwa karatasi sita za fotokopi alizozikunja mfukoni, pamoja na mazoea ya kusema "hiyo ni kitu kidogo" kabla hujamaliza kumweleza shida. Mtu wa namna hiyo humpi bisibisi. Mimi nilimpa.

Nilikuwa na duka la kuchapa barua karibu na soko, chumba kimoja cha mabati, kompyuta moja iliyokula umeme wa jenereta ya jirani. Prosesa yake, yaani ubongo wake, ilikuwa ile ya watu wasio na kitu, megahezi mia tatu, na kwa barua za machifu na kadi za harusi ilinitosha na kubaki. Lakini mlikuwa na kitu kimoja humo kisicho cha biashara: kamusi ya baba. Baba, mwalimu mstaafu na mkulima wa kijiji cha Hewani, alikuwa na miaka sita akikusanya maneno ya Kipokomo ambayo wajukuu zake hawayajui tena. Majina ya ndizi, ya samaki, ya namna mto unavyomega ukingo. Madaftari yake yalikwenda na mafuriko, kikabaki kile tu nilichokuwa nimeshakichapa. Kila siku ya soko alikuja na maneno matatu mapya, manne akiwa amelala vizuri, akakaa kando yangu akinitajia.

Shemeji alipoiona prosesa yangu alisikitika kama aliyekuta mgonjwa hajapelekwa hospitali. Akanieleza kuwa prosesa hizi rahisi zimefungwa breki tu. Ukibadilisha mpangilio kwenye ubao mkuu zinakimbia kama za matajiri, hadi mia nne na hamsini. Nikamnyang'anya karatasi zake nikazisoma, maana kusoma mimi najua. Zilikuwa na akili kuliko mwenyewe. Zilisema unakili kazi zako zote kwenye disketi kwanza. Upande hatua moja, uijaribu siku nzima, ndipo upande nyingine. Uangalie joto, na kati ya prosesa na lile bati la kuipoza upake mafuta maalumu ya kupitisha joto. Tena zilionya kwamba ubao ukikimbizwa, diski ya ndani inayotunza kazi nayo hukimbizwa, ikaanza kuandika upuuzi.

"Hayo ni ya watu waoga, shem," akasema.

Mafuta maalumu hakuwa nayo, na Garsen angeyapata wapi? Akatoka, akarudi na kikombe cha samli kutoka kwa akina mama wa Kiorma pale sokoni. Akanihakikishia kuwa mafuta ni mafuta. Akaipaka prosesa yangu samli kama apakaye chapati, akarudisha bati na feni, akaruka hatua zote mpaka ile ya juu kabisa. Hiyo ilikuwa saa saba mchana, na anayeijua Garsen anajua saa saba hata mbuzi hujificha chini ya lori.

Lazima niseme kweli, iliruka. Faili ilifunguka kabla sijaondoa kidole. Nikacheka, nikamwita bingwa, nikachapa kadi mbili za harusi kwa mbwembwe. Kabla ya saa nane chumba kilikuwa kinanukia pilau. Samli iliyeyuka ikachuruzika kwenye ubao, skrini ikaganda, na tulipofungua kasha tukakuta sisimizi wameshapanga foleni. Shemeji akasema hiyo ni kitu kidogo.

Tulisafisha kwa spiriti, tukairudisha kwenye mwendo wake wa zamani, ikawaka. Prosesa ilikuwa nzima, ngumu kama punda. Kamusi ndiyo haikuwa nzima. Ilifunguka imejaa vijinyota na alama zisizosomeka, ukurasa baada ya ukurasa, upuuzi ule ule tulioonywa. Na disketi nilikuwa nazo kumi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimezifuta, pamoja na nakala ya kamusi, niweke mapambo ya kadi za harusi. Kwa hiyo msimcheke shemeji peke yake. Ujingani tulikuwa bega kwa bega.

Baba akaja siku ya soko na kikaratasi chake mkononi. Nilimwambia nikiwa nimeangalia chini. Hakufoka. Alimgeukia shemeji akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hii mashine ungeiongezea mbio kiasi gani?"

"Mara moja na nusu, mzee," shemeji akajibu, na masikini uso ukamchangamka.

"Nami naleta maneno matatu kwa wiki. Ilikuwa inamchelewesha nani?"

Shemeji akainama, akaanza kufuta feni ambayo ilikuwa safi.

Baba akavuta kiti, akaniambia tuanze upya kwa herufi ya kwanza. Neno la kwanza alilipata, na la pili, mpaka la nne. La tano likamgomea. Akafumba macho, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza mimi lilikuwa neno gani, kwa kuwa mimi ndiye niliyelichapa. Nililichapa kweli, kwa vidole hivi. Sikulikumbuka.