Kiatu cha Marehemu Eduviges

Shangazi yangu Eduviges Tlapale alikufa tarehe mbili Novemba, saa sita na dakika kumi mchana, akiwa kazini. Imeandikwa na kupigwa muhuri. Ukitaka kumpa pole, yuko jikoni anakaanga pilipili na kuwasema majirani.

Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa mlinzi wa kaburi la kijijini kwetu, Tlalixco. Ni chumba cha mawe chini ya kilima, kilichojengwa na Waazteki, na mlango wake ni mfupi kiasi kwamba hata wakubwa wa Idara ya Makaburi ya Kale hulazimika kuinama. Hiyo ndiyo heshima pekee waliyowahi kumpa mwenye kaburi. Ndani kuna chungu cha majivu ya mtu. Mtu gani, sijui. Lakini mimi akiolojia niliiacha katikati. Wenye diploma nzima nao hawajui, ila wao hawajui kwa kurasa mia mbili.

Shangazi humwita Mzee wa Chini. Yeye hana mume wala mtoto, na Mzee hana jamaa aliyebaki duniani, basi wakafaana. Kila Siku ya Wafu, watu wakiwaandalia marehemu wao meza nyumbani, yeye humwaga maua ya manjano kuanzia ngazi za kaburi mpaka kwenye chungu ili Mzee asipotee njia, huwasha ubani, kisha huweka bata mzinga kwenye mchuzi mzito wa pilipili na chokoleti, tamale za unga wa mahindi zilizofungwa kwenye maganda, maji, chumvi na kibuyu cha pombe ya mkonge. Halafu huondoka, maana mgeni hali akitumbuliwa macho. Jioni tunakirudia chakula kikiwa kizima ila hakina ladha. Wafu hunusa tu.

Dari ya kaburi ilikuwa na ufa wa miaka tisa. Shangazi aliiandikia Idara barua kumi na moja. Jibu la mwisho lilimtaka alete picha za ufa nakala tatu, moja ikionyesha ufa kando ya rula.

Siku hiyo alikuwa ameshatandika kila kitu na kutoka, tuko juu ya ngazi, akapiga paji la uso. "Chumvi! Nimemlisha mzee wa watu chakula cha hospitali!" Akarudi ndani, nami nikamfuata.

Kando ya chungu walikuwa wamekaa watu wawili, mwanamume na mwanamke, katika nguo za kijivu zilizowabana kama bandeji.

Waliyotueleza baadaye nayasema sasa, usije ukawaogopa bure. Walikuwa Odón na Yunuel, watalii, kutoka miaka mia tatu mbele. Vyumba vilivyotulia karne nyingi bila kuguswa ndiyo milango yao. Kuna watu huko mbele wanaolipia kutazama maafa, na hawa wawili, kwa kuwa hawakuwa matajiri, walichukua maafa madogo: kuporomoka kwa kaburi la Tlalixco na kifo cha mlinzi wake. Walikuwa na nakala ya ripoti ya Idara. Kanuni zilikuwa tatu: usiguse kitu, usimwonye mtu, na saa sita na dakika nane uwe umeshika ukuta ulio nyuma ya chungu, urudishwe kwenu. Dakika mbili baadaye dari inashuka.

Shangazi hakushtuka hata kidogo. Siku ya Wafu, kaburini, pembeni ya chakula cha wafu, wangekuwa nani wengine?

"Hatimaye!" akasema. "Miaka thelathini na mmoja, Mzee, na hukuniambia kama una mke! Karibu, mama. Samahani kwa vumbi, Idara hainipi hata ufagio."

Odón akasimama wima. "Ewe bibi mheshimiwa," akasema, kwa lugha ya mtu aliyejifunza kwenye vitabu, "usitushughulikie. Endelea tu na... na siku yako."

"Siku yangu ndiyo hii hii, baba."

Yunuel akaufunika uso. "Odón, siwezi. Anatabasamu."

"Kanuni, Yunuel."

Jiwe la ukubwa wa ngumi likadondoka kati yao. Shangazi akajipangusa bega. "Huwa inafanya hivyo."

Angeweka chumvi akatoka, kama kila mwaka. Lakini sasa alikuwa amempata Mzee mwenyewe, na alikuwa na maneno ya miaka thelathini na mmoja. Akaketi chini ya ufa, akawageuzia mgongo ili wanuse bila aibu, na kuanza kusimulia zile barua, moja baada ya nyingine.

Kengele ya kanisa ikaanza kuwapigia wafu. Saa sita.

"Shangazi, twende," nikasema. Sikupenda ule mchanga uliokuwa ukichuruzika.

"Usinikatize, niko barua ya nne."

Nyuma yake Yunuel alikuwa akilia kimya kimya, na Odón amemshika kifundo cha mkono. Jasho lilimtoka Odón kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kwao, alivyokuja kutuambia, chakula ni uji wa kijivu unaofyonzwa kwenye mrija, na yeye akiogopa hula. Mchuzi ule ulikuwa ukifuka moshi chini ya pua yake tangu saa tano na nusu.

Kwenye barua ya saba nikasikia mfupa ukivunjika.

Shangazi akageuka taratibu. Odón alikuwa ameshika paja la bata mzinga, mchuzi umefika masikioni.

"Wewe," akasema shangazi, "unatafuna."

"Bibi, naomba radhi..."

"Wafu hunusa tu! Una meno! Una mate! Mwizi wewe, unamlia mzee wa watu chakula chake, na yeye mwenyewe yuko hapa hapa kwenye chungu!"

Akavua kiatu, akakirusha. Kikampita Odón sikioni, kikatua nyuma ya chungu. Akanyakua upawa.

"Tokeni!"

"Hatuwezi! Mlango wetu uko huku, ukutani! Zimebaki dakika mbili!"

"Mlango ni ule wenye ngazi, pumbavu!"

Odón akarudi nyuma kuushika ukuta. Hapo Yunuel akauchomoa mkono wake. Aliutazama ule ukuta mara moja tu, kisha akakimbilia ngazini akipaza sauti:

"Nikamate na mimi, bibi! Nimekula tamale mbili! Na pombe ya Mzee nimeimaliza yote!"

Hakuwa amegusa kitu. Lakini shangazi, mwenye kiatu kimoja, alimfuata kama risasi, nami nyuma yake, na nyuma yangu Odón akilia, "Yunuel! Usiniache!" Paja la bata alikuwa bado nalo.

Tulipofika juu, kilima kikashusha pumzi. Halafu vumbi likatoka mlangoni, la manjano kwa yale maua.

Shangazi alikitazama kifusi. "Na Mzee hajala," akasema. Akatukokota sote watatu kwenda kumpikia upya.

Ofisa wa Idara alifika saa tisa. Akaona kiatu kimechomoza kwenye mawe, akavua kofia, akaandika kwamba mlinzi amefia humo. Marehemu alikuwa umbali wa mita mia mbili, anachagua pilipili.

Ripoti ilipobandikwa, Yunuel aliisoma, akaketi chini. Ilikuwa ile ile waliyokuja nayo, neno kwa neno.

"Tulikuja kwa sababu ya kiatu," akasema Odón.

"Mngebaki kwenu," nikamwambia, "angeweka chumvi akatoka, na viatu vyote viwili."

Sasa wanaishi kwetu. Odón amenenepa. Shangazi amekwenda Idarani mara tatu kueleza kwamba yu hai. Wamemtaka alete picha zake nakala tatu, moja akiwa kando ya rula.

Wamemwekea pia bamba la shaba pale kwenye kifusi, lenye jina lake. Novemba iliyofuata njia ya maua iliishia hapo, na majirani, ambao huamini muhuri kuliko macho, walilizungushia bamba mishumaa na sahani. Yunuel alileta shada kubwa kuliko yote. Shangazi alimwandalia Mzee kwanza, akahakikisha chumvi ipo, kisha akaja kuketi mbele ya jina lake. Akainama juu ya sahani, akafumba macho, akavuta harufu. Nikaona mkono unanyooka.

"Shangazi," nikamwambia. "Wafu hunusa tu."

"Nimeshanusa," akasema, akamenya tamale.