Kodiani Iliyolala Kibarazani

Kaka yangu Ensio ni mpigaji wa kodiani, kile kinanda cha mivukuto kinachovaliwa kifuani, na ukisema hivyo kwetu mkoani Kainuu watu wanaanza kutafuta viatu vya dansi. Taabu yake yote ilianzia hapo. Baba yetu, Arvi Vatjus, alikuwa seremala siku za kazi, na Jumamosi za kiangazi alipiga kodiani kwenye kumbi za dansi kando ya maziwa. Nusu ya ndoa za kwetu zilianzia mbele ya miguu yake. Ensio alijifunza kwake, akampita upesi, akaenda kusoma Helsinki.

Alirudi na kodiani ya namna nyingine. Kwenye ile ya baba, kifungo kimoja cha mkono wa kushoto kilitoa sauti tatu kwa mpigo, na hizo ndizo zinazowainua wachezaji vitini. Ensio aliagiza yake itengenezwe bila vifungo hivyo. Kushoto kama kulia, kila kifungo sauti moja, ili mikono yote miwili iweze kupiga muziki wa kale wa Bach sawasawa.

"Sasa dansi utapigaje?" baba akamuuliza.

"Humu hamna dansi, baba. Nimeiondoa."

"Mwanangu umeagiza farasi, ukasema aje bila miguu!"

Ensio alifika mbali, siwezi kumnyima haki yake. Alishinda mashindano Ujerumani, akapiga Copenhagen, akapiga Paris. Alipiga kazi za Bach na Scarlatti, akapiga muziki mzito wa vinanda vya makanisa makubwa, na kazi mpya alizotungiwa na rafiki zake. Mojawapo ilikuwa na sehemu ndefu ambapo mivukuto inapumua tu, hakuna noti hata moja. Nilikwenda kuisikiliza na baba, ambaye mapafu yake wakati huo yalishaliwa na tumbaku na vumbi la mbao. Alitazama dari mpaka mwisho.

"Hiyo mimi naifanya nyumbani," akaninong'oneza, "tena bure."

Miaka ikaenda, viti vikabaki vitupu. Ensio akawa anafundisha zaidi ya kupiga. Kila alikokwenda aliombwa nyimbo za dansi, naye alikataa kwa ile adabu yake inayokera kuliko matusi. Niseme wazi: alimwonea haya baba. Nilimchukia kwa hilo, na bado namchukia kidogo.

Vuli iliyopita baba alilazwa, mpira wa hewa puani. Kulikuwa na wimbo mmoja wa taratibu alioutunga mwenyewe akiwa kijana, ndio alioutumia kumchumbia mama. Hakuupiga kumbini hata siku moja. Aliupiga jikoni, mama akisikiliza.

"Siku ya kunizika, watu wakinywa kahawa, utampigia mama yako ule wimbo wake," akamwambia Ensio. "Kwa kodiani yangu. Hiyo yako kiwete."

"Nitaupiga, baba."

"Usinijibu kama daktari. Apa!"

"Naapa."

Tulimzika Januari, kwenye baridi inayogandisha kope. Ensio alifika kwangu siku moja kabla, akiwa na kodiani yake, kwa kuwa alikuwa na onyesho mjini Oulu baada ya mazishi. Aliibeba kama mtoto mchanga mpaka chumba cha wageni, akaiweka karibu na jiko la kupashia chumba joto, akaifunika blanketi la sufu. Ya baba, aliyoipitia kwa mama, akaiacha kibarazani, kusiko na moto.

"Inanuka tumbaku, Kerttu," akaniambia. "Na chumba chenyewe kidogo."

Mimi sikujua lolote. Yeye alijua. Ndani ya kodiani mna vilimi vya chuma vinavyotoa sauti, vimeshikizwa kwa nta, na nta kuukuu ikipigwa na baridi kali hupasuka. Hilo ndilo somo lake la kwanza kwa kila mwanafunzi, na nimesikia kwamba aliyewahi kusahau kodiani garini wakati wa baridi alifukuzwa darasani. Asubuhi akaitupia ya baba kwenye buti la gari, tukaenda kanisani kwa barabara ya mashimo.

Kwenye ukumbi wa parokia, vikombe vikiwa vimejaa, Ensio akasimama akavaa mikanda ya kodiani ya baba. Wazee waliowahi kucheza dansi kwa baba wakaweka vijiko chini. Mama yetu, Saimi, alikaa mbele, mikono mapajani. Ensio akavuta mivukuto.

Ndani yake kukasikika mchakacho kama wa misumari kwenye kopo. Noti moja ikalia, ya pili ikakataa, ya tatu ikatoa hewa tu. Akajaribu tena, na vilimi vingine vikadondoka. Ilikuwa pumzi ya baba, ile ya hospitali, na kila mtu ukumbini aliitambua. Nilitamani sakafu inimeze.

Ensio akavua mikanda.

"Nisubiri kidogo, mama. Nakimbia kwa Kerttu kuleta yangu. Ile iko salama."

"Iko salama?" mama akauliza. "Ililala wapi?"

"Chumbani. Karibu na jiko."

"Na ya baba yako?"

Ensio akanitazama mimi, nami nikatazama kitambaa cha meza.

"Basi kaa, mwanangu," mama akasema. "Kahawa yako inapoa."