Homa ya Mama Mkwe

Fundi viatu wetu alisoma mantiki wiki tatu tu, na mtaa mzima ukakoma. Tukampachika jina: Profesa.

Asubuhi moja alimkuta mama mkwe amejiinamia kitini, mabega yakimtetemeka.

"Wenye homa hutetemeka," akatangaza. "Mama anatetemeka. Kwa hiyo Mama ana homa!"

Akamrundikia mablanketi matatu.

"Mume wangu," mkewe akamwambia, "ng'ombe ana miguu minne, na meza ina minne. Haya, ikamue."

Mama mkwe akaibuka, machozi yakimtoka. "Nilikuwa nacheka, mwanangu. Suruali umeivaa nje ndani."

Profesa akajitazama, akaingia chumbani kuigeuza. Kutwa alishona viatu, na mteja akikohoa, alimuuliza kwanza kulikoni.