Jua Lilipojibu Sala ya Mkwe

Acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa dada yangu Furaha, maana yeye akisimulia huongeza moto: mimi ndiye niliyechoma kofia ya mkwe wetu, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, pale kwetu Muheto.

Nilikuwa nimeokota parabole ya zamani, lile dishi la televisheni, nikaibandika vipande vya kioo ndani (Mama alisema nimerukwa na akili, mpaka alipoona chai inachemka bila hata ukuni mmoja), kwa sababu vioo vinakusanya jua lote mahali pamoja, na hapo nilifunga pete ya chuma ya kushikilia sufuria. Siku wageni wanakuja kumposa Furaha nikapika chai yao kwa jua pale pale uani watakapokaa, ili waone kwamba na sisi tuna mafundi. Chai ilipoiva mawingu yakafunika, mvua ya Masisi mnaijua, nikaondoa sufuria na kuiacha parabole vile vile inatazama juu. Kuigeuza ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini nikaona uvivu.

Akafika Papa Anselme, baba mdogo wa bwana harusi na msemaji wao, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache (sala zake tu ndizo ndefu), akanikabidhi kofia yake nyeusi. Kofia ya mkwe haiwekwi chini, ndani meza imejaa vyakula, basi mimi mwerevu nikaitundika kwenye ile pete.

Tukainamisha vichwa. Papa Anselme akaombea ng'ombe, akaombea majani, kisha akasema, "Baba, mvua imetuchokesha, utupatie jua kidogo leo." Na jua likatoka. Nikasikia harufu, nikafungua macho, kofia inafuka moshi. Sasa kumkatiza mkwe katikati ya sala, nani anaweza? Nikakohoa. Nikasema amina kwa nguvu, naye akadhani nimeguswa na Roho, akaanza upya na mbuzi. Kofia ikashika moto, nikanyakua kilichokuwa karibu nikaimwagia.

Kilichokuwa karibu ni bidoni, dumu la maziwa tuliyowawekea wageni.

Watu wa ng'ombe mnanielewa. Maziwa ya wakwe yakimwagika siku ya posa, wageni wanaweza kuinuka na kurudi kwao, na habari ya ndoa inaishia hapo. Mama alishika kichwa. Nyuma ya mlango nilimsikia Furaha anaanza kulia, nikatamani ardhi inimeze.

"Nani njo amemwanga maziwa?" akauliza Papa Anselme.

"Ni mimi, Papa."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya kwetu, Papa, ya kuwapatia ninyi. Kofia njo iko ya kwenu."

Akaitazama kofia, imebaki ukingo tu. Halafu akaketi.

"Mutoto mwenye kumwanga maziwa ya kwao juu ya kofia yangu, ule anatuheshimu. Mulete maziwa ingine, tuendelee."

Nilifurahi, jamani, kuliko hata bwana harusi mwenyewe.

Furaha sasa yuko kwake Kirotshe na mumewe, na mimi nimeshika adabu: nikiondoa sufuria tu, parabole naipindua kifudifudi kwenye majani, hata kama mbingu ni nyeusi. Na mtu akianza kuomba, nafumba jicho moja.