Nafasi ya Lori Moja

Mume wangu alikuwa dereva wa malori Malaba kabla hajanioa, na Malaba ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: usiache nafasi. Foleni ya kuvuka kwenda Uganda ikisogea hatua mbili, nawe songa hatua mbili, bampa yako iguse mkia wa mwenzako, la sivyo mjanja atajipenyeza. Kurudi nyuma ndio usiseme. Tulikwenda na tabia hiyo hadi Turkana, pamoja na magunia yangu ya maharagwe.

Tulikuwa malori matano. Aliyetangulia alikuwa dereva mzee aliyeijua njia, na asubuhi tukitoka Lodwar aliwaonya wenzake.

"Huku si Malaba, nyinyi. Mwache mwenzako avuke kwanza, halafu ndio ufuate."

Wote waliitikia, mume wangu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mimi ni mtu wa Amukura. Nimezoea mihogo, migomba, na paa la jirani kila nikigeuza shingo. Tulipoiacha lami, nchi ile ilinifumba mdomo, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo. Tulienda saa nzima bila kuona bati hata moja. Vichuguu vya mchwa vilisimama vyembamba na virefu kuliko lori letu. Mlima tuliouona mbele yetu asubuhi ulikuwa bado mbele yetu saa saba mchana, mbali vilevile. Nilijiona mdogo sana, na ajabu ni kwamba nilipenda.

Saa nane tukafika kwenye mto mkavu, mchanga mtupu, mpana kuliko soko letu lote. Mzee akaingia, na katikati magurudumu yake yakazama. Akataka kurudi nyuma, akashindwa. Wenzake walikuwa wameshaingia wote, bampa kwa mkia, kama kawaida yetu. Sisi ndio tulikuwa wa mwisho.

Ukingoni mama mmoja mfugaji alikuwa akiwaharakisha mbuzi wake wapande juu. Alipotuona akapiga kelele, akionyesha kule mto unakotoka. Sikuelewa yote, lakini Kiturkana na Kiteso chetu ni ndugu, na neno la maji nililitambua. Nikatazama juu. Hakukuwa na wingu. Kisha nikasikia mngurumo wa chini, kama treni ya mizigo inayokuja kutoka ng'ambo.

"Baba, rudi nyuma!" nikamwambia mume wangu.

"Nikirudi wataingia hapa mbele."

"Nani ataingia? Mbuzi?"

Akatazama kioo. Nyuma yetu hapakuwa na kitu ila alama za matairi yetu wenyewe, hadi macho yanapoishia. Hata hivyo mkono wake ulisita juu ya gia, na hapo niliogopa kweli, kwa sababu nilimwona mtu mzima akiogopa kupoteza foleni kuliko kufa. Nikampiga bega. Akarudi nyuma.

Wa nne akatufuata, kisha wa tatu. Wa pili sasa alikuwa na nafasi. Akamfunga mzee mnyororo, akamvuta kinyumenyume polepole, huku sisi wengine tukiwa ukingoni tunasali kila mtu kwa lugha yake. Magurudumu ya mzee yalipogusa ardhi ngumu, mto ulifika.

Nimeona mafuriko ya Budalang'i, ambako mto Nzoia hupanda taratibu hadi mlangoni. Huu ulikuja ukitembea. Ukuta wa maji ya kahawia, ukisukuma povu na magogo, na mbele yake mchanga bado ulikuwa mkavu, unatimua vumbi. Mvua ya mahali tusipopaona ilipita pale malori yetu yalipokuwa yamesimama. Sikutaka kuacha kutazama.

Nilimshukuru yule mama kwa Kiteso. Akacheka, akahesabu mbuzi wake.

Juzi nilimpelekea mume wangu chai Malaba. Mbele ya lori letu palikuwa na nafasi ya kutosha lori moja. Nyuma walikuwa wakipiga honi, "Boss, songa bana!" Mjanja mmoja akajipenyeza. Mume wangu akapokea kikombe, na foleni iliposogea hakusogea, akaacha nafasi nyingine.